Kazi za Usahihi katika Historia ya Fizi na Baraka: Mkalimani, Karani na Mwandishi wa Majina

Utangulizi

Historia ya Fizi na Baraka imeandikwa zaidi kwa upande wa vita na wa watu mashuhuri waliopita. Msomaji atakumbuka misafara ya pembe na watumwa iliyovuka Ziwa Tanganyika kwenda na kutoka Ujiji, uasi wa mwaka 1964, kuwasili kwa Ernesto Che Guevara mwaka 1965, na ngome ya Hewa Bora ya chama cha PRP kilichoundwa na Laurent-Désiré Kabila mwaka 1967. Nyuma ya matukio hayo wamo watu ambao kwa kawaida hawatajwi: mkalimani aliyesimama kati ya wageni na wenyeji, mmisionari aliyeandika shajara kila jioni, karani wa kodi, mpima pamba, mtumishi wa maabara, mwandikishaji wa wakimbizi. Hawa ni watu ambao kazi yao haipimwi kwa nguvu wala kwa ufasaha, bali kwa kutokosea.

Makala hii inakusudia kuzichunguza kazi hizo kama sehemu ya historia ya eneo hili, na ina hoja tatu. Kwanza, kazi za usahihi si ngeni wala si mpya hapa. Zina umri wa zaidi ya karne moja na nusu katika maandishi. Pili, kosa lake huanza dogo mno, herufi moja au tarakimu moja, lakini hulipwa na mtu mwingine, mara nyingi baada ya miaka mingi. Tatu, usahihi si sawa na haki: daftari lililoandikwa vizuri laweza kumlinda mtu na laweza pia kumfunga. Hoja hii ya tatu ndiyo ngumu zaidi, na tutairudia.

Msamiati wenyewe wa kazi hizi unatupa mwanzo mzuri. Neno karani limetufikia kutoka lugha za Bara Hindi kwa njia ya biashara ya pwani. Katibu, hati na mizani ni ya Kiarabu. Daftari limepita katika Kiajemi na Kiarabu, na asili yake ya mbali ni Kiyunani. Nchini Kongo tuna pia buku na leta, hili la pili likitokana na jina la Kifaransa la dola. Kila mtawala na kila mfanyabiashara aliyefika alileta chombo chake cha kuandikia pamoja na jina lake. Yanayoandikwa, yaani majina ya watu, ya koo na ya mahali, yalikuwa ya hapa hapa. Kati ya chombo cha mgeni na jina la mwenyeji ndipo makosa yanapozaliwa.

Mkalimani na mto Ruzizi

Mfano wa kwanza ulioandikwa unahusu ukalimani. Mwaka 1858 Richard Burton na John Speke walikuwa Ujiji wakitafuta chanzo cha Nile. Speke alitangulia kuvuka ziwa hadi kisiwa cha Kasenge ili kuomba jahazi kwa mfanyabiashara Mwarabu, Hamid bin Sulayyam. Alirudi bila jahazi, lakini na habari kubwa: kwamba upande wa kaskazini kuna mto mkubwa unaotoka ziwani. Habari hiyo ilipita katika lugha zaidi ya moja. Speke hakujua Kiarabu. Alizungumza Kihindustani na mkalimani wake, Sidi Mubarak Bombay, naye Bombay ndiye aliyezungumza na mwenyeji wao.

Kwa kuitegemea habari hiyo, Burton na Speke walisafiri kwa mitumbwi, wakavuka kwa njia ya Ubwari, rasi ambayo leo iko katika eneo la Fizi, wakafika Uvira mwezi wa Aprili. Huko wana wa mtawala wa nchi waliwaambia kwamba Ruzizi haitoki ziwani bali inaingia. Kwa maelezo ya Burton mwenyewe, hapo ndipo Bombay aliposema kwamba maneno ya Hamid yalikuwa yameeleweka vibaya, na kwamba Hamid alisema kinyume cha yale aliyoyashika Speke.

Mwanaisimu hawezi kulipita tukio hili bila kusimama. Katika Kiswahili, kiambishi -ni cha neno ziwani kinaonyesha mahali tu. Hakisemi kama mwendo unakwenda huko au unatoka huko. Mzigo wote wa mwelekeo umebebwa na kitenzi. Mtu akikosa kulisikia vizuri neno kutoka au kuingia, sentensi inabaki sahihi kisarufi huku mto umegeuzwa. Hakuna kinachomzindua msikilizaji. Dawa ni moja tu, nayo ni kuuliza tena kwa njia nyingine: maji ya mto yanakwenda upande gani? Henry Morton Stanley na David Livingstone walipofika mdomo wa Ruzizi mwezi wa Novemba 1871, hawakuuliza tu. Waliyatazama maji, wakaona yanaingia.

Safari ile ile ya 1858 iliacha kosa la pili. Burton aliiandika Ubwari kuwa ni kisiwa. Aliyeitazama kutoka ziwani hakukosa macho. Aliona nchi kavu yenye maji mbele na nyuma. Ilibidi kufika mwisho wa ghuba ili kuona kwamba rasi imeshikana na bara. Stanley alipozunguka ziwa mwaka 1876 alilisahihisha hilo, akaipa ghuba jina la Burton. Hivyo mtu aliyekosea ameachiwa jina lake mahali pa kosa lake. Wavuvi wa Ubwari walikuwa wakijua muda wote kwamba nchi yao si kisiwa.

Kibanga na nidhamu ya shajara

Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Charles Lavigerie wa Algiers, walifika Ujiji mwanzoni mwa mwaka 1879. Upande wa magharibi wa ziwa walianza Masanze mwaka 1880, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Kibanga, iliyoitwa pia Lavigerieville, kwenye ghuba ya Burton. Mmoja wa waliofanya kazi huko alikuwa padre Mbelgiji Amaat Vyncke, aliyefariki Kibanga mwaka 1888. Misheni hiyo iliachwa miaka ya mwanzo ya 1890.

Linalotuhusu hapa ni kanuni moja ya Lavigerie: kila kituo kiwe na shajara, na iandikwe kila siku. Padre alitakiwa kuandika nani amefika, nani amekufa, mvua imenyesha au la, msafara gani umepita, nani amekombolewa. Kanuni hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyowawezesha wanahistoria wa baadaye kuijua pwani ya magharibi ya ziwa katika miaka ambayo utawala wa Ubelgiji ulikuwa haujafika. Mwandishi wa shajara hakujua lipi kati ya aliyoyaandika litakuwa na thamani. Huu ndio uvumilivu wa pekee wa kazi hii: kuandika siku isiyo na jambo kwa uangalifu ule ule wa siku yenye jambo.

Hata hivyo shajara na daftari la ubatizo vina upofu wake. Kibanga ilipokea watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Mtoto aliyebatizwa alipata jina jipya, na jina hilo ndilo lililoanza safari ya maandishi. Jina alilopewa na mama yake lilibaki katika kumbukumbu ya mtoto mwenyewe, ikiwa umri wake uliruhusu. Tarehe ya ubatizo ni sahihi kabisa. Mtu aliyebatizwa ametoweka nusu.

Karani wa leta

Utawala wa kikoloni ulihitaji hesabu ya watu kwa sababu ulihitaji kodi na kazi. Dekreti ya tarehe 2 Mei 1910 ilitaka kila mwenyeji awe chini ya utemi unaotambuliwa. Dekreti ya tarehe 5 Desemba 1933 ilipanga upya maeneo hayo na kuimarisha sekta. Eneo la Fizi leo lina sekta nne, nazo ni Mutambala, Tanganyika, Lulenge na Ngandja.

Mpango huu uliwakuta Wabembe, ambao jamii yao ilijengwa juu ya koo na makao yaliyotawanyika milimani na ufukoni, bila mtemi mmoja aliye juu ya wote. Karani alipewa kadi yenye nafasi za kujaza: jina, kijiji, utemi, wake, watoto. Kadi haikuuliza yale ambayo wenyewe wangeyataja kwanza, yaani ukoo na mlango wa ukoo. Pengine jina la ukoo liliandikwa kama jina la kijiji, na kijiji kilipohama kufuata mashamba, jina lilibaki mahali pasipo na mtu au lilihama na watu hadi kwenye ardhi ya wengine. Migogoro ya ardhi tunayoisikia hadi leo ina sababu nyingi; lakini mara nyingi pande zote mbili hufika mezani na karatasi, na kila karatasi ni sahihi kwa kadiri ya swali lililoulizwa siku ilipoandikwa.

Kazi ya karani ilikuwa na heshima kubwa. Alivaa vizuri, alijua Kifaransa kiasi, Kiswahili ndicho kilichokuwa chombo chake cha kila siku, na mwandiko wake ulikuwa mali. Lakini heshima hiyo ilikuwa na uchungu ndani yake. Kadi ikionyesha wake wawili, mume alitozwa kodi ya ziada. Kadi ikionyesha mwanamume mwenye nguvu, aliweza kupelekwa kwenye kazi za barabara. Mtu aliyetaka kuhamia mahali pengine alihitaji hati ya kuhama. Katika hali hiyo, karani mzembe aliweza kuwa nafuu ya kijiji, na karani mwangalifu akawa mzigo wake. Hapa ndipo inapoonekana wazi kwamba usahihi ni sifa ya chombo. Haki inategemea mkono unaokitumia na lengo linalotumikiwa.

Tusiishie hapo, maana karatasi huishi kuliko nia ya aliyeiagiza. Kadi iliyoandikwa kwa ajili ya kodi katika miaka ya 1930 inaweza leo kuwa ushahidi pekee kwamba babu wa mtu fulani alizaliwa mahali fulani. Mjukuu anayehitaji kuthibitisha uraia au urithi hamshukuru mkoloni. Lakini anamshukuru karani aliyeandika jina la babu bila kulikata.

Mizani na darubini

Kazi za usahihi hazikuwa za kalamu peke yake. Katika bonde la Ruzizi na kando ya ziwa, pamba ililimwa kwa amri ya serikali, na mkulima alilipwa kwa kilo. Mtu aliyesimama mbele ya mizani alishika chakula cha familia nzima kwenye mkono wa sindano. Leo mizani muhimu ni ndogo zaidi. Misisi, katika sekta ya Ngandja, dhahabu hununuliwa kwa vipimo vilivyotokana na biashara ya zamani. Tola moja ni gramu 11.66, na mchimbaji anayepoteza sehemu ya kumi ya gramu hawezi kuiona kwa macho. Mpimaji mwaminifu hapa anahitaji mambo mawili ambayo ni nadra kuyakuta pamoja: jicho kali na uwezo wa kukataa.

Darubini nayo ina makarani wake. Malaria ni ya daima katika pwani hii, na kipindupindu hurudi mara kwa mara. Anayesoma tone la damu kwenye kioo huhesabu vimelea kwa kulinganisha na idadi maalumu ya chembe nyeupe, kwa kawaida 200. Ni kazi ya kuhesabu, tena ya kurudia, na wa sitini katika siku anastahili kusomwa kama wa kwanza. Vijana wengi hudhani kwamba udaktari ni kipaji cha kuamua. Mara nyingi daktari huamua vyema kwa sababu mtu mwingine alihesabu vyema kabla yake.

Herufi na ritifaa

Turudi kwenye jina, maana hapo ndipo taaluma yetu inapohusika moja kwa moja. Kibembe, ambacho Malcolm Guthrie alikipa alama D54 katika uainishaji wake wa lugha za Kibantu, kina sauti ambazo tahajia ya Kiswahili haikuziandalia nafasi. Kina nazali zinazofuatana mwanzoni mwa neno, na kina kituo cha koo ambacho wenyewe huonyesha kwa ritifaa. Chukua jina M'mbondo. Karani aliyezoea Kiswahili ataandika Mmbondo. Aliyezoea sauti za majirani ataingiza irabu na kuandika Mumbondo. Mwenye haraka ataandika Mbondo. Na mashine ya kompyuta isiyokubali alama yoyote kati ya herufi itafanya uamuzi bila kumwuliza mtu. Ndugu wanne wa baba mmoja wanaweza hivyo kuwa na majina manne, na hakuna hata mmoja wao aliyedanganya.

Siasa iliongeza yake. Mwaka 1972, katika sera ya uhalisi, utawala wa Mobutu ulipiga marufuku majina ya Kikristo. Aliyekuwa Yohana katika daftari la parokia alikuwa mtu mwingine katika daftari la serikali. Baada ya mwaka 1990 majina ya ubatizo yalianza kurudi, lakini vyeti vya shule vilivyotolewa katikati havikubadilika. Mzee mmoja anaweza leo kuwa na hati tatu zenye majina matatu, zote za kweli kwa wakati wake. Kuthibitisha kwamba hao watatu ni mmoja ni kazi ya mwanahistoria, japo inafanyika katika ofisi ya sekta na mbele ya foleni.

Sensa ya mwisho ya nchi nzima ilifanyika mwezi wa Julai 1984. Mtafiti anayetaja hesabu za mwaka huo kwa ajili ya Kivu ya Kusini anapaswa kukumbuka kwamba jimbo hilo lilikuwa halijakuwapo. Kivu iligawanywa kuwa majimbo matatu mwaka 1988. Tangu hapo hakuna sensa nyingine iliyofanyika. Tangu uandikishaji wa mwaka 2005, kadi ya mpiga kura imekuwa kitambulisho cha watu wengi. Kadi hiyo hutengenezwa kwa dakika chache, na jina lililokosewa siku hiyo ndilo litakalosomwa benki, hospitalini na mpakani.

Waliozaliwa tarehe 1 Januari

Vita vya mwaka 1996 viliwasukuma maelfu ya watu wa Fizi kuvuka ziwa. Mwaka huo ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu katika mkoa wa Kigoma, Tanzania, na Wabembe walikuwa sehemu kubwa ya wakazi wake. Mtu alipofika aliulizwa jina, ukoo wa wazazi, mahali na tarehe ya kuzaliwa. Wengi walijua msimu, vita au mavuno ya mwaka waliozaliwa, hawakujua siku. Kanuni ya uandikishaji iliwapa tarehe 1 Januari.

Miaka ikapita. Kuanzia katikati ya miaka ya 2010 wakimbizi wengi wa Nyarugusu walihamishiwa Marekani. Tarehe iliyokuwa imejaza nafasi tupu ikawa umri wa kisheria: ndiyo iliyoamua mtoto aingie darasa gani, kijana aweze kuajiriwa lini, mzee apate pensheni lini. Ndugu wawili waliopishana miezi sita kwenye karatasi walitakiwa waeleze mama yao alikuwa nani. Mwandikishaji hakuwa mzembe, alifuata maagizo. Tena baadhi ya waandikishaji bora walikuwa wale waliouliza swali la Kibembe au la Kiswahili ambalo fomu haikuliuliza: ulizaliwa kabla au baada ya uasi? Nani alikuwa amekwisha kuzaliwa? Kwa maswali mawili au matatu ya namna hiyo, mwaka angalau ungeweza kukaribiwa.

Ukimbizi haukuwa wa upande mmoja. Tangu mwaka 2015 Fizi yenyewe imewapokea Warundi katika kambi ya Lusenda. Watoto wa eneo lililokimbia wamekuwa makarani wa wanaokimbia, na maswali yale yale sasa yanaulizwa na vinywa vyao.

Hitimisho

Tumeona kwamba kazi za usahihi katika Fizi na Baraka zina mfululizo mmoja, kuanzia mkalimani wa 1858 hadi mwandikishaji wa kambi. Katika mifano hiyo kosa halikutokana sana na uvivu. Lilitokana na swali lisiloulizwa mara ya pili, na fomu isiyokuwa na nafasi ya jibu la kweli, au na alama ya maandishi iliyodharauliwa. Kwa hiyo mtu anayefaa kwa kazi hizi si yule tu mwenye mwandiko mzuri na subira. Ni yule anayeshuku jibu linaloingia kwa urahisi mno katika nafasi iliyoandaliwa.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu kwa idara zetu za Kiswahili. Kwanza, ukalimani, usahihishaji wa miswada na uhifadhi wa nyaraka vifundishwe kama taaluma, visiachwe kuwa kazi za kujifunzia ofisini. Mwanafunzi aliyewahi kulinganisha miswada miwili ya utenzi mmoja, mstari kwa mstari, tayari ana nusu ya mafunzo ya karani wa vizazi. Pili, wanaisimu washirikiane na ofisi za sekta kutayarisha mwongozo mfupi wa tahajia ya majina ya Kibembe, Kibuyu, Kifuliru na lugha nyingine za eneo, ritifaa ikiwemo. Sheria ya sasa inampa mzazi siku 90 kumwandikisha mtoto. Mwongozo wa kurasa chache unaweza kumwondolea mtoto huyo safari ya mahakamani akiwa mtu mzima. Tatu, wanafunzi wafundishwe pamoja na usahihi swali linaloutangulia: maandishi haya ni kwa faida ya nani? Karani wa kodi hakupewa nafasi ya kuliuliza. Wahitimu wetu watakaokaa mbele ya kompyuta ya uandikishaji wanayo.